Programu mpya imevuruga maktaba za mfumo: mwongozo kamili wa kuirudisha Linux nyepesi bila kuifuta

Mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea kompyuta mpakato yake yenye RAM ya gigabaiti 2, ndani ikiwa na Debian 13, aina mojawapo ya Linux, na LXDE, mazingira mepesi ya madirisha. Alikuwa amesakinisha programu ya kukatia video za somo lake, faili la `.run` alilopakua mtandaoni, akaandika nenosiri, programu ikafunguka vizuri kabisa. Jioni yake alipotaka kusoma PDF, haikufunguka. Picha nazo zikakataa, hata terminali, dirisha la kuandikia amri, ikagoma. Alikopita kwanza aliambiwa dawa ni moja tu, kufuta kila kitu na kuanza upya, na ndani ya mashine hiyo mlikuwa na mitihani ya miaka mitatu.

Hakukuwa na haja ya kufuta chochote. Tatizo lilikuwa mafaili matatu yaliyokaa mahali pasipo pao, na kuyaondoa kulichukua dakika kumi. Naandika haya kwa sababu naona watu wengi mno wakiambiwa wafute mfumo, wapoteze kazi zao na wamalize bando la gigabaiti mbili au tatu kupakua Linux upya, wakati maktaba iliyoharibika mara nyingi haifiki hata megabaiti tatu.

Maktaba ninayoisema hapa ni faili lenye msimbo unaotumiwa na programu nyingi kwa pamoja, jina lake likiishia na `.so` na namba fulani, kama `libssl.so.3`. Kwenye Linux nyepesi programu hugawana maktaba hizi ili zisile RAM na diski. Ndiyo maana moja ikiharibika zinaanguka programu ishirini kwa mpigo. Amri nitakazotoa ni za mifumo inayotumia `apt` na `dpkg`, zana za kusakinisha na kuondoa programu: Debian, Lubuntu, antiX, MX Linux, Linux Lite na ndugu zao. Puppy na Alpine nitazigusa mwishoni.

Kwanza kabisa: usizime mashine

Mkono wa kwanza wa mtu huenda kwenye kitufe cha kuzima na kuwasha. Hapa uzuie. Programu ambazo tayari zimefunguka zimeshabeba maktaba zake kwenye kumbukumbu na zitaendelea kufanya kazi. Ukizima, huenda hata skrini ya kuingilia isitokee tena. Mwalimu yule alikuwa amefunga kifuniko tu, hakuzima, na hiyo ilitusaidia sana.

Kama terminali ya kawaida inakataa, bonyeza Ctrl+Alt+F2. Utapata skrini nyeusi ya maandishi. Ingia kwa jina lako na nenosiri. Kurudi kwenye madirisha ni Ctrl+Alt+F7 au F1, kutegemea mfumo. Kisha chukua mamlaka ya msimamizi mara moja na uyashikilie:

```
sudo -i
```

Mashine isiyo na `sudo` tumia `su -`. Terminali hiyo usiifunge mpaka kazi iishe. `sudo` yenyewe inategemea maktaba; ikianguka katikati ya kazi na hukuwa umeshaingia kama msimamizi, umejifungia nje ya nyumba yako. Nakala ya kazi muhimu ichukue sasa hivi, kwa `cp` kwenda kwenye flashi, kabla hujagusa kitu kingine.

Halafu jiulize nini kimebadilika. Mfumo unaweka kumbukumbu:

```
tail -n 40 /var/log/apt/history.log
grep -E ' (install|upgrade|remove) ' /var/log/dpkg.log | tail -n 40
```

Kama programu iliingia kwa `.deb` (kifurushi, yaani faili la usakinishaji la mifumo hii) au kwa `apt`, utaiona humo pamoja na vyote ilivyovuta au kuviondoa. Usipoiona kabisa, hiyo nayo ni habari: imeingia kwa mlango wa nyuma, yaani kwa faili la `.run`, kwa hati ya usakinishaji au kwa `make install`, na `dpkg` haina habari nayo.

Soma ujumbe wa kosa, kwa sababu umetaja jina la mgonjwa

Ukibofya picha ya programu na isifunguke, hutaona neno lolote. Ifungulie kwenye terminali. Ukiwa kwenye skrini nyeusi, ingia kwenye skrini nyingine ya maandishi kama mtumiaji wa kawaida kwa Ctrl+Alt+F3, ukiacha ile ya msimamizi wazi, uandike (`evince` ndicho kisoma PDF):

```
DISPLAY=:0 evince
```

Kwa mwalimu ilijibu hivi:

```
evince: symbol lookup error: /lib/x86_64-linux-gnu/libgdk_pixbuf-2.0.so.0: undefined symbol: g_task_set_static_name
```

Watu huogopa mstari kama huu na kuufumba macho. Usiufumbe, kwani kila aina ya kosa ina maana yake na tiba yake.

Ukiona `cannot open shared object file: No such file or directory`, maktaba iliyotajwa haipo kabisa, au ipo mahali ambapo mfumo hautafuti.

Ukiona `file too short`, maktaba ipo kwa jina tu, ndani ni tupu. Hili huwapata sana watu wa kwetu: umeme umekatika usakinishaji ukiwa katikati, na betri ya mashine ilikufa zamani.

Ukiona ``version `GLIBC_2.38' not found``, programu ilijengwa kwenye mfumo mpya kuliko wako, wenye toleo jipya la GLIBC, maktaba ya msingi inayotumiwa na karibu kila programu.

Ukiona `undefined symbol`, kama hapo juu, maktaba mbili hazielewani: moja inamwita mwenzake kwa jina ambalo mwenzake hana. Karibu kila mara maana yake ni kwamba toleo la zamani limeingia mahali pa toleo jipya.

Ukiona `wrong ELF class: ELFCLASS32`, biti 32 na biti 64 zimechanganywa. Programu ya biti 32 kwenye mfumo wa biti 64 mtupu inaweza pia kusema `required file not found` ilhali faili lenyewe unaliona kwa macho yako. Kinachokosekana ni kipakiaji chake, yaani kile kinachoziingiza maktaba kwenye kumbukumbu programu inapoanza.

Na kama ni `apt` inayolalamika kuhusu `unmet dependencies`, hapo maktaba huenda ni nzima na kilichovurugika ni hesabu ya vifurushi.

Tafuta maktaba inatoka wapi na ni ya nani

Huu ndio moyo wa kazi. Amri ya `ldd` inaonyesha programu inachukua kila maktaba kutoka wapi:

```
ldd /usr/bin/evince | grep -E 'not found|/usr/local|/opt|/home'
```

Mfumo uliotulia haupaswi kukujibu chochote. Wa mwalimu ulitoa hivi (zile anwani za kumbukumbu mwishoni nimezikata):

```
libgobject-2.0.so.0 => /usr/local/lib/libgobject-2.0.so.0
libglib-2.0.so.0 => /usr/local/lib/libglib-2.0.so.0
libgio-2.0.so.0 => /usr/local/lib/libgio-2.0.so.0
```

Hapo ndipo nilipomwonyesha kwa kidole. Maktaba za Debian hukaa `/usr/lib/x86_64-linux-gnu`. Hizi tatu zimetoka `/usr/local/lib`, mahali pa vitu alivyoleta mtu mwenyewe. Na Debian ikitafuta maktaba huanza `/usr/local/lib` kabla ya kwake. Ukifungua folda ya `/etc/ld.so.conf.d/` utaona faili `libc.conf` linalosema hivyo. Programu ya video ilikuja na GLib yake ya zamani (ndizo maktaba hizo tatu), ikaiweka hapo, na kuanzia saa hiyo kila programu ya GTK, yaani zile zinazochora madirisha kwa kutegemea GLib, ikawa inapewa GLib ya zamani. Ile alama `g_task_set_static_name` iliingia GLib toleo la 2.76. Debian 13 inaitegemea, na maktaba ya zamani haijawahi kuisikia.

Tahadhari moja: `ldd` inaweza kuendesha sehemu ya programu inayoichunguza. Faili usiloliamini lichunguze kwa `objdump -p faili | grep NEEDED`, ambayo inasoma tu.

Sasa uliza umiliki:

```
dpkg -S libgio-2.0.so.0
```

Tafuta kwa jina la faili peke yake, bila njia nzima. Siku hizi `/lib` ni kiungo tu kinachoelekea `/usr/lib`, na ukiandika njia nzima `dpkg` inaweza kukujibu kwamba haijui faili hilo wakati inalijua kwa njia nyingine. Majibu yatakuonyesha kifurushi chenye maktaba halali. Faili la `/usr/local/lib` halitatajwa. Halina mwenyewe.

Sogeza kando, usifute

```
mkdir /root/kando
mv /usr/local/lib/libgio-2.0.so* /usr/local/lib/libglib-2.0.so* /usr/local/lib/libgobject-2.0.so* /root/kando/
ldconfig
ldconfig -p | grep libgio
```

`ldconfig` inajenga upya orodha ambayo mfumo hutumia kutafuta maktaba; bila hiyo mfumo utaendelea kufuata orodha ya zamani. Mstari wa mwisho ni wa kuhakikisha: sasa njia iwe ile ya `x86_64-linux-gnu` peke yake. Kwa mwalimu, PDF ilifunguka papo hapo.

Kabla ya kuondoka hapo angalia maficho mengine ya tatizo hilihili. Ndani ya `/etc/ld.so.conf.d/` kuna faili usilolijua? Je, `/etc/ld.so.preload` lipo? Kwa kawaida halipo kabisa. Na hii:

```
grep -n LD_LIBRARY_PATH /etc/environment /etc/profile /etc/profile.d/* /home/*/.profile /home/*/.bashrc
```

Mtu akikuambia uweke `LD_LIBRARY_PATH` kwenye `.bashrc` ili programu moja ifanye kazi, amekupa dawa ya mguu inayoua jicho. Kila programu utakayoifungua kutoka kwenye terminali hiyo itapata maktaba hizo, iwe inazihitaji au la.

Je, kama bado unaihitaji programu iliyoleta vurugu? Mwalimu alikuwa anaihitaji kweli. Ipe maktaba zake kwenye chumba chake. Nakili mafaili yale kwenda `/opt/video/lib`, kisha tengeneza faili dogo la kuifungulia, kwa mfano `/usr/local/bin/video`:

```
#!/bin/sh
export LD_LIBRARY_PATH=/opt/video/lib
exec /opt/video/bin/video "$@"
```

Lipe ruhusa kwa `chmod +x`. Njia na majina badilisha yafuate programu yako. Maktaba ya zamani sasa inamhudumia mmoja tu, na wengine hawaijui.

Maktaba tupu baada ya umeme kukatika

Kwanza hakikisha diski haijajaa kwa `df -h /`. Kompyuta ndogo zenye hifadhi ya gigabaiti 16 au 32 hujaa bila mtu kutambua, na diski iliyojaa katikati ya usakinishaji huleta balaa lilelile la umeme. Ikiwa imejaa, `apt clean` itafungua nafasi kidogo.

Kisha malizia kazi iliyokatika, na tafuta mafaili matupu:

```
dpkg --configure -a
find /usr/lib/x86_64-linux-gnu -name '*.so*' -type f -size 0
```

Kila faili litakalotokea, uliza ni la kifurushi gani kwa `dpkg -S`, kisha kirudishe:

```
apt install --reinstall libjpeg62-turbo
```

Hilo jina ni mfano. Weka la kwako. Lakini kuna mafaili yasiyo matupu ila yameharibika nusu. Hayo utayapata kwa kulinganisha kila faili na alama yake ya uhakiki:

```
dpkg -V | grep -v ' c '
```

Mashine ya zamani itahangaika dakika kadhaa, mwache apumue. Mstari wenye tarakimu 5 kati ya alama za kuuliza, au neno `missing`, ndio wa kushughulikia. Herufi `c` ni ya mafaili ya mipangilio, ambayo ni kawaida kubadilika, ndiyo maana nimeyachuja. Ukipata mafaili mengi yaliyoharibika yasiyohusiana, na umeme haukukatika, shaka diski yenyewe: sakinisha `smartmontools` uendeshe `smartctl -a /dev/sda`. Maktaba zinazorudishwa leo na kuharibika tena kesho ni kilio cha diski inayokufa.

Pale `apt` yenyewe inapokwama

Ukisakinisha `.deb` kwa `dpkg -i` na mahitaji yake hayapo, `apt` itakataa kufanya lolote mpaka utatue. Kila mahali utaambiwa andika `apt --fix-broken install`. Ni ushauri mzuri, ila usiandike huku kidole kiko kwenye Y. Anza kwa kuigiza:

```
apt -s --fix-broken install
```

Hiyo `-s` inaonyesha kitakachotokea bila kugusa kitu. Tafuta mistari inayoanza na `Remv`. Ikiwa inataka kuondoa ile `.deb` yako peke yake, ruhusu. Ikiwa inataka kuondoa `lxde`, `lxqt`, `xserver-xorg` au vifurushi mia mbili, simama. Na mfumo wenye `apt` ya zamani ukikutaka uandike sentensi nzima `Yes, do as I say!`, elewa kwamba unaombwa kuidhinisha kuvunjwa kwa nguzo ya nyumba. Jibu ni hapana, kila mara.

Njia salama zaidi ni kumtoa aliyeleta ugomvi kwa jina, halafu ndipo uiache `apt` isawazishe:

```
dpkg -r jina-la-kifurushi
dpkg --configure -a
apt --fix-broken install
```

Na siku nyingine sakinisha `.deb` kwa `apt install ./faili.deb`, ukiweka ile nukta na mkwaju. Hapo `apt` itatafuta mahitaji kabla ya kuingiza chochote, na yasipopatikana itakataa mapema, mfumo wako ukiwa mzima.

Hazina za kigeni

Huu ni ugonjwa mgumu kuliko yote niliyoyataja. Mtu anatumia Debian 12, anaona maelezo ya Ubuntu, anaongeza hazina yao, yaani mahali mtandaoni ambako `apt` huchota vifurushi, anasasisha, na sasa nusu ya maktaba ni za huku na nusu za kule. Jamii ya Debian ina jina la kiumbe hiki: FrankenDebian. Kuangalia:

```
grep -rnE '^(deb|URIs|Suites)' /etc/apt/sources.list /etc/apt/sources.list.d/
apt list --installed 2>/dev/null | grep ',local'
```

Mstari wa kwanza unaonyesha hazina zote. Ukiona `noble` au `jammy` (majina ya matoleo ya Ubuntu) ndani ya Debian, au `sid` (Debian inayoendelea kujengwa) pembeni ya `bookworm` (Debian 12), umempata. Weka alama ya `#` mbele ya mstari huo, au lihamishe faili lake `/root/kando`, kisha `apt update`. Sasa amri ya pili inakupa orodha ya maana: vifurushi vilivyosakinishwa ambavyo hakuna hazina inayovimiliki tena.

Virudishe kimoja kimoja, au vinavyotegemeana kwa pamoja. Angalia kwanza kwa `apt-cache policy libxyz`, kisha:

```
apt -s install libxyz/bookworm
```

Mwigo ukikuridhisha, rudia bila `-s`. Vikiwa vingi sana unaweza kuiambia `apt` ipendelee toleo lako kwa nguvu zote, hata kama ni kurudi nyuma. Tengeneza `/etc/apt/preferences.d/rudisha`:

```
Package: *
Pin: release n=bookworm
Pin-Priority: 1001
```

Halafu `apt -s dist-upgrade`, usome kwa utulivu. Namba inayozidi 1000 ndiyo inayoruhusu kushusha toleo. Ukimaliza, liondoe faili hilo. Debian haiahidi kwamba kushusha toleo kutafanikiwa, kwa hiyo nakala ya kazi zako iwe imeshatoka nje ya mashine. Na `libc6`, kifurushi cha GLIBC, ikiwa imeshapanda toleo, usiishushe ukiwa na haraka. Hiyo ndiyo maktaba inayobebwa na karibu kila programu, pamoja na `apt` yenyewe. Shusha nyingine zote kwanza. Mara nyingi utakuta mfumo unafanya kazi vizuri na `libc6` mpya, na unaweza kuiacha hapo mpaka siku utakapopandisha mfumo wote.

Programu inayodai GLIBC mpya au libssl ya zamani

Andika `ldd --version` uone toleo lako. Ubuntu 22.04 ina 2.35, Debian 12 ina 2.36, Ubuntu 24.04 ina 2.39 na Debian 13 ina 2.41. Programu iliyojengwa kwenye ya juu inaweza kukataa kwenye ya chini. Kinyume chake kwa kawaida hakuna shida. Kwa hiyo usitafute GLIBC mpya mtandaoni ukaipachike. Tafuta programu hiyohiyo iliyojengwa kwa ajili ya mfumo wako, au toleo lake la nyuma, au angalia hazina ya backports, yenye matoleo mapya yaliyojengwa kwa ajili ya mfumo wako. Flatpak, njia nyingine ya kusakinisha programu, nayo inatatua kwa sababu inabeba maktaba zake, ila msingi wake unakula mamia ya megabaiti za bando na diski, jambo zito kwa mashine ndogo. AppImage, programu iliyofungwa ndani ya faili moja, haisaidii kwa tatizo hili, maana kwa kawaida hutumia GLIBC ya mfumo wako.

Kisa cha pili ni `libssl.so.1.1`, maktaba ya OpenSSL inayolinda mawasiliano ya mtandaoni. Programu nyingi za zamani zinaitaka, na mifumo ya sasa ina `libssl.so.3`. Mtandaoni utakuta mtu anashauri hivi:

```
ln -s libssl.so.3 libssl.so.1.1
```

Tafadhali usifanye hivyo. Namba iliyo mwishoni mwa jina la maktaba ni mkataba: programu inasema, nitaongea na mtu anayejua lugha ya 1.1. Ukibandika jina hilo kwenye maktaba ya 3, unampeleka mtu mwingine ukwenini akiwa amevaa nguo za bwana harusi. Ikiwa na bahati programu itakataa kwa kosa la toleo. Bila bahati itafunguka na kuanguka katikati ya kazi. Muundo wa OpenSSL 1.1.1 uliacha kupata marekebisho ya usalama ya bure Septemba 2023, kwa hiyo programu inayoitegemea bado inastahili kutafutiwa toleo jipya. Ikibidi kweli uitumie, iweke maktaba hiyo `/opt` kwa njia ya faili la kufungulia niliyoeleza juu.

Ukikuta majina kama `libssl3t64` au `libgtk-3-0t64`, usishtuke. Debian 13 na Ubuntu 24.04 zilibadili majina ya vifurushi vingi zilipohamia kwenye saa ya biti 64, ili mashine za biti 32 zisichanganyikiwe na tarehe ifikapo mwaka 2038. Kwenye kompyuta za kawaida za biti 64, vifurushi vipya vinaitikia pia jina la zamani.

Programu ya biti 32 kwenye mfumo wa biti 64 inahitaji ruhusa kwanza:

```
dpkg --add-architecture i386
apt update
apt install libc6:i386
```

Hata `ls` haifanyi kazi

Hapa ndipo watu hukata tamaa, na hapa ndipo ile terminali ya msimamizi uliyoiacha wazi inapolipa. Ukiona kila amri inajibu kwamba `libc.so.6` haipo, bado `bash` iliyo wazi ina amri zake za ndani: `cd`, `echo *` inakuorodheshea mafaili, na `echo "$(<faili)"` inakusomea faili. Kama wewe ndiye uliyeihamisha maktaba hiyo kwenda kando, mwite kipakiaji moja kwa moja umwonyeshe ilipo:

```
/lib64/ld-linux-x86-64.so.2 --library-path /root/kando /usr/bin/mv /root/kando/libc.so.6 /usr/lib/x86_64-linux-gnu/
```

Amri nyingine zitafufuka palepale. Ikishindikana, washa kwa flashi yenye mfumo hai, yaani Linux inayowaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi, ikiwezekana wa toleo lilelile. Tambua sehemu ya diski kwa `lsblk`, kisha, ukiwa msimamizi:

```
mount /dev/sda2 /mnt
for d in dev proc sys; do mount --bind /$d /mnt/$d; done
chroot /mnt
```

Ikikubali kuingia, uko ndani ya mfumo wako: `dpkg --configure -a`, halafu `apt install --reinstall libc6`. Intaneti ikigoma humo ndani, toka kwa `exit`, pakua kwa `apt download` ukiwa kwenye mfumo hai, na unakili faili `/mnt/root`.

`chroot` ikikataa kwa sababu `libc` ndiyo iliyoharibika, angalia kwanza mfumo ulikuwa na toleo gani:

```
grep -A 10 '^Package: libc6$' /mnt/var/lib/dpkg/status
```

Pata `.deb` ya toleo hilo, ifungue pembeni, kisha nakili maktaba tu:

```
dpkg-deb -x libc6_*.deb /tmp/c6
cp -a /tmp/c6/usr/lib/x86_64-linux-gnu/. /mnt/usr/lib/x86_64-linux-gnu/
```

Kwenye Debian 12 chanzo kitakuwa `/tmp/c6/lib/x86_64-linux-gnu/.`, bila `usr`. Usiifungue `.deb` moja kwa moja juu ya `/mnt`, kwa sababu unaweza kuharibu kile kiungo cha `/lib` na kuongeza tatizo la pili. Baada ya hapo `chroot` itakubali, na `apt install --reinstall libc6` itafunga hesabu vizuri.

Puppy na Alpine

Puppy huweka mabadiliko yako kwenye faili la akiba juu ya mfumo usioguswa. Washa kwa kuongeza `pfix=ram` kwenye mstari wa kuwashia; itaamka safi bila akiba, uchukue kazi zako na umwondoe mkorofi. Alpine inatumia musl badala ya glibc, kwa hiyo programu iliyojengwa kwa Ubuntu au Debian kukataa huko si uharibifu. Ni lugha nyingine. `gcompat` husaidia kwa programu ndogo, na vifurushi vya Alpine vilivyoharibika virudishe kwa `apk fix`.

Kabla hujairudisha mashine kwa mwenyewe

```
dpkg --audit
apt-get check
ldconfig
```

Ya kwanza isijibu kitu, ya pili isilalamike. Sasa ndiyo uzime na kuwasha, huku nakala za kazi zikiwa tayari kwenye flashi. Fungua programu ambazo mwenye mashine anazitumia kila siku, si zile unazozitumia wewe: kwa mwalimu ilikuwa kisoma PDF, LibreOffice, picha na printa ya shule. Folda ya `/root/kando` iache wiki nzima. Nilimwandikia kwenye karatasi amri moja ya kuifuta, `sudo rm -r /root/kando`, akaibandika ndani ya daftari lake la maandalio na tarehe ya Jumamosi inayofuata juu yake.